Mkataba wa Nuh

Ndera, 2 Juni 2025

Mjukuu wangu Ikhlas,

Salaam aleikum. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananihesabia miaka. Wewe je? Unakula, au ni chai tu huko ofisini Garsen? Nakuandikia kwa sababu kwa simu unanikatiza.

Jana kina mama tulirudishwa na maziwa yetu kutoka kituo chenu cha maziwa. Karani anasema tableti haitujui. Kadra analeta maziwa mwaka wa sita, eti hajulikani! Yamechacha, wameyanywa mbwa. Si wewe msimamizi wa hiyo programu ya tableti? Basi isimamie. Au ulisomea kulala?

Bibi yako, Darmi

Garsen, 5 Juni 2025

Bibi yangu,

Waaleikum salaam. Mwili mzima, usingizi ndio sina. Poleni kwa maziwa.

Programu si yetu, ni ya kampuni ya Nuh. Kila nikimpigia, "Kesho, dada." Miezi minane sasa ni kesho tu. Na majina yenu yote anayo yeye. Mkataba unasema tukimwandikia kabla ya tarehe 30 mwezi huu kwamba hatuendelei, atatukabidhi kila kitu tuachane. Siku hiyo ikipita, tumefungwa naye miaka mitatu mingine. Meneja ameshasema: nikikwama, kazi hii anapewa mwingine.

Lakini Nuh ni mjukuu wa dada yako. Nilipotaka kumhoji kabla ya kutia saini, ulinigombeza: "Damu haiandikishani!" Nikatia saini, hata nakala ya majina sikuomba. Sasa barua ya kumtoa iko tayari. Nikiituma bila idhini yako, ukoo mzima utanigeuka. Mpe dereva wa gari la maziwa neno moja tu.

Mjukuu wako, Ikhlas

Ndera, 3 Julai 2025

Ikhlas,

Salaam aleikum. Afya yangu usiniulize.

Nilitaka kuandika kwamba barabara ilikatika. Uongo. Dereva alipita kila siku, "Nyanya, jibu?" nikamfukuza. Nuh alikuja Idi, akanichinjia mbuzi, akaniita mama mbele ya watu. Ningemtoaje? Nikasema Ikhlas ana akili, atapata njia mwenyewe.

Leo dada yangu Madina amerudishwa na maziwa. Programu ya mjukuu wake haimjui! Amekaa chini pale pale. Basi mtoe! Nakuruhusu. Mwambie meneja ni mimi niliyekuzuia. Na tarehe ni kitu gani? Watu wazima hawafungwi na tarehe.

Bibi yako, Darmi

Ndera, 14 Julai 2025

Ikhlas,

U mzima? Jibu hilo tu, mengine acha.

Dereva anasema mezani kwako amekaa mtu anaitwa Ziro, na Nuh anamwambia "kesho" vilevile. Madina hanisalimii, kwa kuwa nimetaka mjukuu wake atolewe. Na hajatoka!

Kuomba radhi sikufundishwa, na sasa nimezeeka. Niandikie hata kunitukana. Gari likija siulizi tena maziwa, nauliza barua. Leo dereva ametikisa kichwa kabla hajasimama.

Bibi yako