Dume Nililomwachia Ng'ombe wa Ursula

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana mimi hapa Kiriba ndiye mtu wa ng'ombe, hata watu wa Butiama wanakujaga kuniuliza, niliwahi kukazia macho dume lenye hasira mpaka likalala chini lenyewe, sasa mdogo wangu Ursula, ambaye mumewe Paschal alikufa ziwani mwaka juzi, akauza nyavu za marehemu ili amlipe Gibson, yule kijana anayepandishaga ng'ombe kwa mrija, alete mbegu ya ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe anaye mmoja tu na amezeeka, huo ulikuwa uzao wake wa mwisho. Msimamizi nilikuwa mimi. Nikaangalia kile kimrija, nikasema moyoni, kitu chembamba hivi kitazaa nini? Gibson alivyoondoka tu nikaingiza dume langu zizini, nikasema hii ni ya kukazia.

Mshauri, ndama kazaliwa. Dume, nundu juu, mabaka yale yale ya dume langu. Ursula akakaa chini kwenye matope ya zizi: "Kaka, nyavu za Paschal ndiyo zimenipa hiki?" Wanawake wakamfuata Gibson barabarani, "Mwizi, ulitia maji!" Sasa hakuna anayemwita. Juzi alinijia: "Mzee, wewe ulikuwepo, nilikosea wapi?" Nikamwambia arudi shule. Ursula halagi chakula vizuri, ndama hataki hata kumgusa. Nifanyeje? Na nisikufiche, lile dume hata si langu, niliazima kwa jirani, Matiko. Mimi nina mbuzi wawili.

Mjomba wa Kiriba

Mzee wangu,

Pole nyingi ni za Ursula, zako ni chache. Umepewa kusimamia, ukaleta dume la kuazima! Mbegu haikuwa na kosa, wala mkono wa Gibson. Najua uliogopa: mrija ukifaulu, nani atakuita tena mtu wa ng'ombe? Inauma, nakuelewa. Lakini kijana wa watu anatukanwa kwa ajili yako, na dada yako anadhani ni ujinga wake uliopoteza nyavu za mumewe.

Leo hii, hata chai usinywe, nenda kwa Ursula umwambie. Jumapili watu wakitoka kanisani, simama na Gibson mbele ya wale wale wanawake ueleze, kwa sauti hiyo hiyo unayojisifiaga. Uza mbuzi uanze kumtafutia mtamba wa maziwa. Hawatatosha, kalime vibarua. Usimwambie ni mipango ya Mungu. Akikufukuza, ondoka, kesho rudi umsafishie zizi. Akilia, usiseme kitu. Kaa hapo mpaka amalize.