Ibada Tisa za Mama Yako

Msasani, Tukuyu

Mwanangu Vaileth,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tumzike mama yako. King'amuzi kimejaa, nacho kinanitaka nifute vipindi tisa alivyorekodi, vyote vikiitwa "Ibada". Nilifungua kimoja ili nimkumbuke. Nikakuta mieleka, mchezo nilioupiga marufuku nyumbani mwangu!

Nilimlaumu Faraji, fundi wetu. Akacheka: "Mwalimu, ratiba ya kituo kile ina makosa tangu zamani, saa ya mieleka huandikwa 'Ibada'. Mama alijua, akanikataza nisikwambie."

Je, wewe pia ulijua? Nimekwisha kutazama vinne, nami bado sijatambua alikuwa akimshangilia nani. Nikishaamua kuvifuta au kuviacha, nitakuandikia.

Baba yako,
Tuntufye