Bibi Amefumba Tena

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Picha kumi na saba studioni kwa Bwana Namgung, na zote Bibi kafumba macho. Kumi na saba! Mzee wa watu amepiga picha mji mzima miaka arobaini, leo katoka jasho kama mbeba mizigo. Alimwambia Bibi asiogope taa. "Nani kaogopa? Wewe piga." Akapiga. Bibi akafumba.

Baba kanuna njia nzima. Tarehe 18 Bibi anapasuliwa moyo, na Baba anataka picha ya msiba iwe tayari kabla ya hapo. Si uchuro. Kila mzee hapa anayo, inakaa kabatini, na wenyewe wanasema huongeza umri. Tatizo ni Babu. Yeye alikufa bila picha, ikabidi tumkate kutoka picha ya harusi ya watu na kumkuza. Siku tatu waombolezaji walimwinamia Babu pamoja na sikio la mtu tusiyemjua. Baba hajalisahau lile sikio.

Jumatano, 5 Novemba

Namgung kaja nyumbani na taa mbili na mwavuli mweupe. Bibi alikuwa uani anapaka kabichi pilipili, kimchi ya majira ya baridi, mikono myekundu hadi viwiko. Namgung akajificha nyuma ya mitungi, na umri wake wote ule, halafu akachomoza ghafla. Mwanga — pwaa! Beseni likapinduka. Picha imetoka safi ajabu: kabichi ziko hewani, kila tone la pilipili linaonekana. Bibi kafumba.

Namgung karibu alie. Kasema amewahi kupiga vichanga, amepiga hata ng'ombe wa maonyesho, na ng'ombe wote walifumbua. "Basi rudi kwa ng'ombe wako," Bibi akamjibu, huku anaokota kabichi.

Ijumaa, 7 Novemba

Ofisini hakuna kazi. Ukurasa wa tovuti ya mashine za kufulia nimeumaliza, mteja hajajibu. Nikatengeneza mchezo wa kompyuta. Bibi yuko kitini, chini kuna kitufe cha kamera. Ukibofya, skrini nzima inawaka weupe, kisha picha inatokea. Nimetia picha zote tulizonazo, pamoja na za zamani, thelathini na moja. Juu nimeandika: *Mnase Bibi akiwa kafumbua.* Hakuna kushinda, maana picha ya kushinda haipo. Nimewatumia wenzangu watatu tu, wacheke.

Jumatatu, 10 Novemba

Watu elfu sita wameucheza. Sijui nani kampa nani. Nilitaka kuandika pale chini kwamba haiwezekani, nisamehewe, nikakuta nimechelewa. Jamaa wa Incheon anasema alimnasa Bibi akiwa macho wazi, jaribio la 412. Anaeleza hata rangi ya macho. Mwingine anasema siri ni kubofya kwa mkono wa kushoto. Wanatukanana kwa ajili ya hilo.

Baba karudi jioni kutoka chumba cha kompyuta za kukodi, macho mekundu. "Nimemkaribia," kasema. Nikamwambia, Baba, mchezo nimeutengeneza mimi, hiyo picha haimo. Akanitazama kwa huruma.

"Hujaitafuta vizuri, Dasom."

Alhamisi, 13 Novemba

Sasa wachezaji wanakuja hadi nyumbani, sijui nani kawaelekeza. Leo wachumba kutoka Daejeon, na kamera yao na kisanduku cha mapeasi. Bibi kavaa vazi lake la hariri ya bluu, kakaa kama malkia, kawauliza mpaka wazazi wao wanafanya kazi gani. Wamepiga arobaini. Kafumba arobaini. Wameondoka na furaha kama waliobarikiwa.

Lakini nimeona kitu. Picha za mwisho betri ya taa ilikuwa imekwisha, haikuwaka kabisa. Na bado alifumba! Alifumba *kabla* kijana hajabonyeza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, hata hakuinua kichwa.

"Umechelewa kujua. Na chuo umesoma."

Nikamuuliza kwa nini.

"Baba yako anaweza kunizika bila picha?"

Nikasema hawezi, baada ya lile sikio hathubutu.

"Basi. Itabidi wanisubiri."

Nikacheka. Nilicheka sana, mpaka nikaona yeye hacheki. Nikamwambia, Bibi, kifo hakingoji picha, na daktari ni mzuri. Akasema daktari ana kisu chake, yeye ana kope zake, wataona. Kisha akanisukumia vitunguu nimenye na mimi. Naogopa.

Jumatatu, 17 Novemba

Niko garini, kiti cha nyuma. Tunampeleka Bibi hospitali akalazwe.

Imekuwa hivi. Asubuhi nilikuwa kibarazani najaribu kamera, taa nimeizima, nalenga matunda ya persimoni yaliyoning'inizwa kwa kamba yakauke. Bibi akachungulia kati ya kamba. "Umekula?" Kidole kikabonyeza chenyewe.

Kafumbua. Macho yote mawili. Haangalii kamera, ananiangalia mimi, anataka kujua kama nimekula. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Namgung angeipigia magoti.

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Baba kanikuta pale pale, nimeduwaa. Kauliza kama nimepata chochote. Nikasema betri imekufa. Sasa kamera iko pajani, imefunikwa na daftari hili. *Futa picha? Ndiyo. Hapana.* Inauliza tangu darajani. Nikifuta na Bibi asirudi, Baba atamwekea nini kati ya maua? Nisipofuta — mambo haya siyaamini. Siyaamini hata kidogo. Kidole hakishuki.

Baba kauliza tena, safari hii bila kugeuka: "Dasom, kweli hukupata hata moja?"

Bibi kakaa mbele, kando ya Baba. Hivi sasa kanyoosha mkono, kakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma polepole mpaka tunaonana. Macho wazi kabisa. Hapepesi.