Moto Unawaka, Friji Haipozi

Shoga, usinipigie, wako karibu. Soma tu.

Ile friji ya gari letu la kulala, hili tunalosafiria, imekufa. Hiyo hiyo mume wangu aliyotuapia juzi kuwa kaitengeneza.

Umeme uligoma, akahamishia kwenye gesi, maana friji hizi hupoza hata kwa moto wa gesi. Akalala kifudifudi na tochi, akaita, "Moto unawaka." Mama yake akampigia makofi. Makofi, shoga, kama mtoto kapiga hatua ya kwanza.

Akatukataza kuifungua ovyo ili ipate baridi. Anayeifungua ni mama mkwe peke yake, akitaka insulini yake.

Leo nimeifungua mimi. Joto limenipiga usoni. Namwambia mume, anainama tena: "Lakini moto unawaka."

Nikampigia fundi. Akauliza, nyuma ya friji kuna harufu ya kuchoma macho, kama mkojo uliolala? Ipo. Akasema, "Basi dawa yake ya kupozea imevuja. Weka gesi, weka umeme, haitapoza tena."

Insulini yote imeshinda humo jotoni siku mbili, imeharibika. Duka la dawa tulilipita zamani, huku mbele ni barabara tupu.

Sasa sikia. Nikamuuliza mama mkwe taratibu, hukuona kichupa kina joto?

"Niliona, mwanangu."

Aliona, shoga. Na akajidunga.

"Mumeo alikuwa amefurahi sana. Sikutaka kumvunja moyo."

Tangu asubuhi anaomba maji, anakunywa, anaomba tena. Na mwanawe bado kalala chini na tochi, ananiita nije nione moto.