Maji ya Mgombani

Dunda, Bagamoyo
14 Aprili 2025

Mwanangu Hajra,

Kwa taadhima na bila upinzani, natangaza kwamba mgomba wetu wa uani umezaa mkungu mnene kuliko yote hapa Dunda. Hauna sababu ya kunenepa hivyo, na hakuna anayethubutu kuukata.

Mimi mzima. Mguu wa mama yako, hapana. Dawa za hospitali zimekuja kama wageni wa arusi: zimekula, zimeondoka, kidonda kimebaki palepale. Anasema anasikia kitu kinatafuna ndani. Nikaweka sikio. Nadhani lilikuwa tumbo langu. Nadhani.

Nimechota maji ya mitaro kama ulivyoagiza. Pale soko la samaki wakaniuliza, “Mzee Kibwana, ya kunywa hayo?” Nikawaambia ya binti yangu, anasomea udaktari Ulaya. Wakanionea huruma.

Mama anakusalimu.

Baba yako

Ubelgiji, 29 Aprili

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo.

Chupa zimefika. Bakteria niliyesafiri naye kutoka kidonda cha mama haogopi dawa yoyote. Natafuta virusi vinavyomla yeye tu, mtu havimgusi. Nimejaribu mitaro yako yote. Hakuna. Kila asubuhi nakuta sahani ya maabara ninayomwoteshea imefunikwa utando mzima, na huo utando, baba, una harufu ya chumba chenu.

Chota penye uchafu zaidi. Mwambie mama anisubiri.

Mwanao, Hajra

Dunda, 10 Mei

Mwanangu, marahaba.

Sisi alhamdulillahi. Nyumba imejaa watu. Shangazi yako Tatu kapika pilau la sufuria kubwa, majirani wanakula wakisema taratibu.

Mama yako ametulia. Haulalamikii mguu tena. Kilichokuwa kikitafuna kimenyamaza.

Nakutumia chupa moja. Usiulize, fanya kazi yako.

Baba yako

Ubelgiji, 27 Mei

Baba, shikamoo.

Mama naye shikamoo. Virusi vimepatikana. Nilidondoshea tone jioni, asubuhi sahani iko nyeupe pe, utando wote umeliwa. Hata sahani ya pembeni yake, ambayo sikuitia kitu, imetoboka matundu kama macho. Profesa wangu kasimama anaitazama.

Umechota wapi? Virusi hivi hukaa anapokaa bakteria wake. Nikishavisafisha nakuja navyo mwenyewe. Mbona kila nikipiga simu mama amelala?

Mwanao, Hajra

Dunda, 2 Juni

Mwanangu,

Salamu yako nimeipokea, ya mama yako sina wa kumpa. Tulimzika Ijumaa ile, kabla sijakuandikia ile barua ya pilau. Aliusia usiambiwe mpaka upate unachokitafuta, nami sijawahi kumshinda mama yako kwa maneno.

Tatu ndiye aliyemwosha. Unaujua ufuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda lipokee maji ya kuoshea maiti. Kabla halijafukiwa niliingiza mkono nikajaza chupa. Tatu aliniona. Hadi leo hasemi nami.

Unauliza kama maji hayo yangeweza kupatikana mapema. Hukuuliza, lakini najua utauliza. Maji ya kuoshea kidonda chake tulikuwa tukiyamwaga mgombani kila asubuhi.

Baba yako