Paluku, ndege yako ya mbao imewaka

Ndugu yangu Paluku,

Imewaka. Nilitaka kuanza na salamu, mais mukono imekataa, imeandika hiyo mbele. Ndege yako imewaka, moteur na taa, na ni mimi Kakule niliiwasha, hapana mutu mwingine.

Tulipomaliza kukuzika kule Mulekera, bibi yako Masika, mujane sasa, alinipa mpaka Pasaka. Alisema: "Kakule, hii kitu inakula parcelle yangu, kiwanja yote ya Vulamba. Pasaka ikifika haijalia, napasua mbao, napikia maharagwe." Akaegemeza shoka ku gurudumu. Unamujua.

Sawa. Nikachora njia yote ya courant, ya umeme, na makaa ku ukuta ya nyumba yenu. Anakasirika mpaka leo. Batri nyuma ya kiti, kwa sababu ya uzito, vile ulisema. Kila taa na fusible yake, fyuzi. Cheche ya moto ya moteur nikaitenga, batri iiamshe tu, kisha isiombwe kitu: batri ikikufa hewani, moteur iendelee. Nani mu Butembo angechora vile? Camion gani, lori gani haijapita mu mikono yangu?

Nikageuza contact, ufunguo ya kuwasha. Kimya. Nikatukana batri, nikaazima ingine. Kimya. Nikatukana fusible zote. Masika akapita na ndoo: "Maharagwe iko tayari, fundi. Inangoja kuni tu."

Kwa hasira nikapiga ndege na tournevis, bisibisi yangu. Ko.

Paluku, ko, mulio ya mbao. Camion ukiipiga inalia kiing. Mu camion natuma fil, waya moja tu, ku taa, courant inarudi yenyewe ku batri, inapita mu chuma ya camion. Maisha yangu yote nafanya vile. Na wewe ulitengeneza mbao na kitambaa. Ulikuwa unaipapasa, unasema, "Huyu mutoto hana mufupa ya chuma." Nilifikiri unajisifu. Courant yangu ilienda, haikuwa na barabara ya kurudia.

Donc nikavuta fil ya pili, nyeusi, ku kila kitu, ku moteur pia, zote zikutane ku batri. Hakuna aliyenifundisha.

Nikaweka randa yako ku kiti yako. Ulipaswa kuwa pale, ndugu. Ulipaswa.

Nikageuza contact. Moteur ikalia mpaka kuku zikapanda juu ya nyumba. Taa nyekundu kushoto, kijani kuume. Masika akatoka na mwiko mu mukono, akasimama mu upepo ya hélice, ile panga ya mbele, kitenge inapepea. Kisha akachukua shoka, akairudisha mu jikoni.

Lala basi. Document ya kuruka bado, nitasumbua ba chef mu bureau mpaka wachoke. Siku tutapita juu ya Mulekera, nitawasha taa zote, hata jua ikiwa kali. Usiseme namaliza batri. Nimeipima, itatosha.

Wasingya, aksanti, Paluku.

Ni mimi Kakule, fundi ya courant ya camion, na sasa ya ndege.