Kidevu Changu, Wembe Wangu

Jumapili, 7 Julai 1974

Nimepunguza ndevu asubuhi kabla ya kanisa, kama kila Jumapili. Mashavu kwa wembe, shingo kwa wembe, kidevu kwa mkasi. Mkasi ni wa kushonea wa Wakesho. Mke wangu ananikataza kila wiki na kila wiki nauchukua.

Urefu: upana wa kidole kimoja chini ya kidevu, pembeni nusu yake. Nimeuhangaikia urefu huu miaka. Zikizidi hapo nafanana na beberu, na wenzangu hotelini hawachoki kunilia mee. Zikipungua, kidevu kinapotea. Mimi sina kidevu, nisijidanganye. Mdomo wa chini ukiisha, shingo inaanza. Shuleni waliniita Kobe. Siku ndevu zilipoota nilimshukuru Mungu kwa magoti. Wakesho hajawahi kuniona bila ndevu, na tuna watoto watatu.

Leo zimekaa sawasawa. Nimejitazama kwenye dirisha la duka wakati wa kutoka kanisani. Mwanamume kamili. Wakesho akaniambia nisogee, kuna watu wanapita.

Jumatano, 10 Julai

Meneja mpya kutoka Nairobi ametupanga mstari leo, maweita wote. Amekagua kucha, viatu, kola za makoti. Akanifikia akasimama. Hataki ndevu kwenye chumba cha kulia, akasema. Nikamwambia nimehudumia meza hizi tangu hoteli ifunguliwe na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Akasema sasa yuko. Kuna mama Mzungu aliyekuta unywele kwenye supu, kati ya wale waliokuwa wakienda mbugani.

Huo unywele niliuona. Mutua, mpishi wetu, aliutoa kwenye sahani akauinua kwenye mwanga tuutazame. Mrefu kama mkono, rangi ya mkonge uliokauka. Hoteli nzima kichwa cha namna hiyo kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha mama mwenyewe. Nimemweleza meneja hivyo mbele ya watu. Akasema hajadili.

Nimekula nikiwa na hasira.

Alhamisi, 11 Julai

Sinyoi.

Jumapili, 14 Julai

Nimefanya ujinga. Nilifikiri nipunguze kidogo tu, meneja aone nimesikia, yaishe. Kawaida nakata kabla ya kuoga. Lakini leo maji ya mfereji yalikuja asubuhi na mapema, na hapa Kaloleni, mtaa wetu wa Voi, maji yakija unaacha kila kitu. Wakesho alikuwa anajaza ndoo na sufuria, akaniambia nioge haraka kabla hayajakatika. Nikaoga kwanza. Nikakata zikiwa mbichi.

Ndevu mbichi zinanyooka. Nikapima kidole, nikatoa kidogo, nikaona sawa. Zikakauka zikajikunja zote. Nilipotazama kioo nilimkuta Kobe amesimama pale.

Kanisani nimeimba nikiwa na leso mdomoni. Nimewaambia watu jino linaniuma. Mama mmoja kutoka Sagalla amenipa karafuu.

Jumatatu, 15 Julai

Meneja ameniangalia, akatabasamu. Akasema, "Naona umeanza kuelewa. Sasa malizia."

Kosa langu la maji amelifanya utii. Hilo limeniuma kuliko maneno ya ile siku ya kukaguliwa. Kama ni hivyo, hakuna tena kupunguza kidogo. Zitarudi upana wa kidole na zitabaki hapo. Nimemwambia Mutua. Ameshika kidevu changu kama daktari wa mifugo, akasema zitachukua wiki tatu.

Ijumaa, 19 Julai

Siku yangu ya mapumziko. Nimepanda mlimani Mwanda, kijijini kwetu, kumwona baba. Kifua bado kinamsumbua. Amekaa karibu na moto na blanketi, ndevu zake nyeupe zimelala kifuani kama shuka. Tangu nikiwa mtoto anazo. Kanikaribisha kwa kunicheka. Ndevu zangu anaziita nusu ndevu. Anasema ama mtu aziache ama azitoe, hizi za kuchonga ni za mtu asiyejua anataka nini.

Nikachemka. Nikamwambia ya meneja yote, na unywele, na leso kanisani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, shangazi akaja kumpa maji. Shangazi ni dada yake, ndiye anayemwangalia tangu mama alipotutoka. Kikohozi kilipotulia baba akavuta blanketi mabegani.

"Basi usinyoe," akasema.

Kwa baba, hiyo ni hotuba. Nimeteremka kwa miguu mpaka barabarani nikijisikia mwepesi.

Jumatano, 31 Julai

Mkuu wa maweita amestaafu leo. Tumemnunulia saa. Jioni meneja akaniita ofisini. Nafasi ni yangu, akasema, kazi naijua kuliko wote, wageni wananiulizia kwa jina. Nije kesho nimenyoa. Nikija nazo, niende moja kwa moja kwa dobi kufua mashuka, na koti jeupe nimwachie mwingine.

Nafasi hii nimeisubiri. Nisijifanye siitaki. Naitaka sana.

Nimemwambia Wakesho. Akasema ninyoe, zitaota, kwani ni mkono umekatwa? Hapo nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia. Kwamba chini ya hizi ndevu hakuna kitu, kwamba naona haya. Aliendelea kukunja nguo za watoto. Kisha akauliza, "Kwani mimi niliolewa na ndevu?"

Lakini sasa si aibu peke yake. Huyu bwana anataka kunishika uso wangu na kuugeuza apendavyo, akishaweza hilo ataweza lolote. Kesho naenda nazo.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimezichonga vizuri sana leo. Zikiwa kavu. Nimezipaka mafuta ya nazi, nikazichana kuelekea chini. Nimepita mlango wa mbele wa hoteli, si wa nyuma.

Niko kwa dobi.

Jumanne, 6 Agosti

Mvuke wa pasi unazikunja ndevu hata nikizipaka mafuta mara ngapi. Inabidi nizichane saa ya chai na tena kabla ya kutoka. Nazichana. Mikono imepauka kwa sabuni. Mgongo unalia. Mashuka ya wageni wa mbuga yana vumbi jekundu lisilotoka kwa maji ya kwanza wala ya pili.

Kamba za kuanikia ziko mbele ya dirisha la meneja. Naanika polepole. Kila shuka nalinyoosha, nageuza uso wangu dirishani, nafunga kibanio. Mutua anasema nimeanza kuwa na wazimu. Ananiletea nyama ya mfupa kutoka jikoni, kwa hiyo neno hilo namsamehe.

Nimejuta? Ndiyo. Saa ya chakula cha mchana, nikisikia sahani na vijiko na yule kijana aliyepewa koti langu anavyowapa wageni supu kutoka upande usiofaa. Najuta kama nusu saa hivi. Halafu meneja anapita na majuto yanakwisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Baba amefariki alfajiri. Kaka mkubwa alipiga simu hotelini. Meneja ndiye aliyekuja uani kuniambia. Alivua miwani. Alinipa pole vizuri, akaniruhusu niende mpaka mambo yaishe, akanitafutia na lifti ya gari la mizigo. Sitaki kumsifu, lakini ilikuwa hivyo.

Shuka nililokuwa naanika sikulimaliza.

Jumanne, 13 Agosti

Tumemzika. Ukungu haukuinuka mchana kutwa. Watu wengi, mpaka wale wa Maungu walifika.

Kesho ni kunyolewa. Kwetu mwenye nyumba akizikwa, wanawe wa kiume wanakaa chini na dada yake marehemu anawanyoa. Kichwa na uso. Lakini mzee wa kanisa amesimama baada ya chakula akasema Mkristo halazimiki, hizo ni za zamani, Mungu anaangalia moyo. Kaka mkubwa akaitikia amina. Yeye hanyoi. Binamu waliotoka Mombasa nao hawanyoi.

Kisha macho yote kwangu. Habari zangu zimepanda mlima kabla yangu. Kila mtu hapa anajua nimepelekwa kwa dobi kwa sababu ya kidevu.

Nikinyoa, narudi Voi na uso mtupu na meneja atasema ameshinda. Atawaonyesha wengine. Nani atasikiliza habari za matanga? Nisiponyoa, kanisa zima liko nyuma yangu. Sijawahi kupewa kisingizio kizuri hivi. Ndicho kinachonikera. Baba aliniambia nisinyoe. Ila siku ile alikuwa anasema juu ya meneja.

Shangazi ameketi kwenye kona yake na wembe bado uko kwenye karatasi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimenyolewa.

Hakuna aliyeniita. Nilitoka asubuhi nikaketi mwenyewe kwenye kigoda uani, maji baridi kwenye karai. Shangazi alianza na kichwa. Alipofika kidevuni mkono ukasimama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama aziache, maana amesikia mambo ya kazini.

"Toa zote," nikasema.

Akatoa. Akanipangusa kwa kiganja chake. Halafu hakuondoa mkono. Alinishika kidevu akaugeuza uso wangu kushoto na kulia, na machozi yakawa yanamshuka huku anacheka.

"Hiki ni kidevu cha kaka yangu," akasema. "Kabla hajaoa."

Amenisimulia yote pale pale, wembe mkononi. Kwamba baba alifuga ndevu mwezi ule alioanza kwenda nyumbani kwao mama yangu kumposa. Kwamba alikuwa anajificha nyuma ya mgomba kuzichana. Kwamba vijana walimcheka mpaka akapigana. Miaka yote ile ananiita nusu ndevu, kumbe mzee naye alikuwa anaficha kidevu. Nimelia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nimelia kwa sauti na sikuona haya.

Nilipoinuka, kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alivua koti akaja akaketi kwenye kigoda.

Jumatatu, 19 Agosti

Wakesho aliniona jana nilipoteremka. Alinitazama kwanza kama mgeni. Kisha akanigusa kidevu kwa kidole kimoja. "Kumbe ni hivi tu," akasema, akaenda kunipashia chai. Siku zote nilizoogopa zimekwisha kwa maneno manne na kikombe cha chai. Nimekaa nikiwa sijui nicheke au nikasirike.

Leo kazini. Upepo wa asubuhi ni mkali kwenye ngozi isiyouzoea. Meneja alinikuta mlangoni. Akanipa pole tena. Kisha akanitazama kidevu na uso ukamchangamka. Koti langu limepigwa pasi, akasema, nianze na meza za dirishani. Eti nimefanya jambo la maana. Maweita walikuwa wamesimama pale, Mutua yuko mlango wa jikoni na mwiko.

"Hizi nimemnyolea baba," nikamwambia. "Zimeshaanza kuota."

Akasema anaelewa ya msiba, lakini sheria ni sheria, zikiota narudi kwa dobi.

"Basi acha nibaki huko huko, bwana. Tusisumbuane na koti."

Nikapita uani. Mashuka yalikuwa rundo kubwa, yule waliyemweka badala yangu hajui hata kuloweka. Nafasi ya mkuu wa maweita imekwenda. Naandika na inauma. Ningeulizwa tena kesho ningesema vile vile.

Jumatano, 28 Agosti

Zinawasha. Wiki ya pili ndiyo mbaya, si ndevu wala si ngozi. Watoto wananisugua kidevu wanakimbia. Yule kijana mwenye koti amekuja kwa dobi saa ya chai kuniuliza supu inatolewa kutoka upande gani. Nimemwambia. Si kosa lake.

Meneja ameacha kupita mbele ya kamba. Siku hizi anazunguka kwa nyuma.

Jumapili, 22 Septemba

Wakesho amenikabidhi mkasi mwenyewe leo. Alikuwa amekaa kizingitini anapura maharagwe, akaunyoosha bila kugeuka.

Nimepima kidole kama zamani. Zimefika. Halafu nikakata zaidi, zikawa fupi kuliko kidole. Chini ya ndevu kidevu kinaonekana kidogo, kifupi, kimerudi nyuma.

Nimekiacha kionekane. Nimeoga, tumekwenda kanisani.